Gamba la bluu kwenye barabara ya Tarime–Mugumu

Barabara inayotoka Tarime mjini kwenda Mugumu ina urefu wa karibu kilometa 87. Inaanzia kwenye miinuko ya migomba na kahawa, inapita Mogabiri na Nyamwaga, inateremka hadi Nyamongo kwenye mgodi wa dhahabu, inavuka Mto Mara, kisha inaingia Wilaya ya Serengeti na kuelekea Mugumu, makao makuu ya wilaya hiyo. Mtu anayebuni gemu ya mbio za magari hapa angepata karibu kila anachohitaji: kona za milimani, mteremko, daraja, nyoofu ndefu, na ng'ombe wanaovushwa barabara asubuhi na jioni.

Nimeichagua barabara hii iwe kipimo katika ubishi ambao wapenzi wa gemu duniani wamekuwa nao kwa zaidi ya miaka 30. Ubishi wenyewe unahusu Mario Kart, mfululizo wa gemu za kampuni ya Nintendo ya Kyoto, Japani. Wachezaji wanaendesha vigari vidogo kwenye njia yenye vituko vingi. Njiani wanaokota visanduku, na ndani ya kila kisanduku kuna kitu cha kujisaidia au cha kumdhuru mwenzako: ganda la ndizi la kumtelezesha, uyoga wa kukuongezea kasi, gamba la kobe la kumrushia aliye mbele. Kila toleo jipya limebadilisha kanuni, na kila mabadiliko yamezua swali lile lile: nani anastahili kushinda, mwenye mkono mwepesi au mwenye bahati?

Kwa mchezaji wa Ulaya au Japani aliyekaa sebuleni kwake, swali hilo ni la burudani tu. Kwenye miji yetu ni swali la fedha. Vijana wengi wa Tanzania wamejifunza gemu kwenye vibanda: luninga moja, PlayStation moja, benchi, pedi mbili, na kundi la watu wamesimama nyuma wakisubiri zamu. Unalipia mechi. Anayefungwa anampisha mwingine, na mara nyingi ndiye anayelipa. Kanuni inayompokonya ushindi mtu aliyeongoza tangu mwanzo inamgusa mfukoni. Kwa hiyo nikiambiwa kwamba Mario Kart ni gemu ya watoto na haistahili kujadiliwa kwa uzito, sikubali. Kanuni zake zinahusu haki, na haki kwenye benchi la kibanda inaonekana waziwazi kuliko mahali pengi.

Ni kweli kwamba mashine za Nintendo ni adimu kwetu. Vibanda vimejengwa juu ya PlayStation, na gemu iliyotawala humo ni ya mpira wa miguu. Aliyeonja mbio za vigari huenda alianzia kwa Crash Team Racing, iliyotengenezwa na Naughty Dog mwaka 1999 kwa PlayStation ya kwanza, au aliipata kwenye simu: Beach Buggy Racing, ambayo inachezeka bila intaneti, au Mario Kart Tour, ambayo Nintendo yenyewe iliitoa Septemba 2019 kwa simu za Android na iPhone. Mlango wowote ulioingilia, kanuni unazokutana nazo zimetokana na toleo moja la mwaka 1992.

Toleo hilo ni Super Mario Kart, lililotoka Japani tarehe 27 Agosti 1992 kwa mashine ya Super Famicom. Liliongozwa na Tadashi Sugiyama na Hideki Konno, chini ya mtayarishaji Shigeru Miyamoto. Miaka miwili kabla yake Nintendo ilikuwa imetoa F-Zero, mbio za kasi kubwa ambazo mtu alicheza peke yake. Safari hii wabunifu walitaka watu wawili wakae mbele ya luninga moja, kioo kikigawanywa nusu ya juu na nusu ya chini. Mashine ya enzi hizo haikuweza kuchora zile nyoofu ndefu za F-Zero mara mbili kwa wakati mmoja. Njia zikafupishwa na kukunjwakunjwa, kasi ikapunguzwa, na magari yakageuka vigari. Umbo lote la gemu hii limetokana na nia ya kuwaketisha watu wawili pamoja. Jambo hili nalishika kama msingi wa hoja yangu, kwa sababu matoleo yaliyoikumbuka nia hiyo ndiyo yaliyofanikiwa machoni pangu, na yaliyoisahau yamepungukiwa hata pale yalipouza mamilioni.

Kona za Mogabiri

Tuanze na kona, maana hapo ndipo dereva anapopimwa. Ukiwa kwenye Mario Kart, unaingia kona huku umebonyeza kitufe, kigari kinaruka kidogo kisha kinaserereka ubavu. Vijana wanaita drifti. Ukishikilia mserereko huo kwa muda, cheche zinatoka kwenye magurudumu, na ukiachia unapata msukumo wa ghafla. Yaani gemu inakulipa kwa kuthubutu kupita karibu na ukingo.

Kanuni hiyo imebadilishwa mara nyingi, na kila mara kuna waliofurahi na waliolia. Katika Mario Kart 64 ya mwaka 1996, mchezaji alitakiwa kuzungusha kidole gumba kushoto na kulia wakati kigari kinaserereka ili apate ule msukumo. Ilikuwa kazi ya mkono, na aliyeijua alionekana. Mwaka 2005 ikaja Mario Kart DS, ya mashine ndogo ya mkononi, na ndani yake wachezaji hodari wakagundua kwamba wanaweza kufanya hivyo kwa haraka mno hata mahali pasipo na kona. Wakawa wanakwenda kama nyoka kwenye nyoofu, kushoto, kulia, kushoto, wakikusanya msukumo mmoja baada ya mwingine. Toleo hilo lilikuwa la kwanza katika mfululizo kuwezesha mashindano kwa intaneti, hivyo mchezaji wa kawaida aliingia mashindanoni akakuta watu wanampita kwa mwendo ambao hakuujua.

Watetezi wa mwendo huo wana hoja, nami naiheshimu. Wanasema: ni ustadi. Vidole vinauma, mazoezi ni ya miezi, na hakuna aliyekatazwa kujifunza. Ukimnyima hodari faida ya ustadi wake, unamwonea. Hoja nzuri, lakini inasahau kwamba ustadi wa mbio ni ustadi wa kuisoma barabara. Fikiria kona zinazofuatana ukitoka Tarime kuelekea Mogabiri. Dereva wa bodaboda anayezijua anatambua pa kupunguza mwendo na pa kuongeza, anajua changarawe iko upande gani, na faida yake inatokana na kujua huko. Mwendo wa nyoka unalipa bila kujali uko wapi. Kona ikakosa maana, nyoofu ikakosa maana, na njia zote 32 za toleo lile zikawa kitu kimoja kwa aliyeumudu.

Nintendo ilijibu mwaka 2008 katika Mario Kart Wii: msukumo ukawa unajazwa na muda na kina cha mserereko, si wepesi wa kidole. Mwendo wa nyoka ukafa. Lakini toleo lile lile likaingiza pikipiki, na pikipiki zikaruhusiwa kunyanyua tairi la mbele kwenye nyoofu ili kuongeza kasi. Kijana yeyote wa Tarime au Mugumu angechagua pikipiki bila kufikiri mara mbili, na angekuwa sahihi, kwa kuwa pikipiki ziliyashinda magari karibu kila mahali. Mbinu hiyo ilikuwa na hatari yake: ukiwa umenyanyua tairi, mwenzako akikugusa unayumba na kupoteza kasi, na kukata kona huwezi. Hata hivyo kanuni inayofanya nusu ya vyombo kwenye orodha visistahili kuchaguliwa ni kanuni mbovu. Katika Mario Kart 8 ya mwaka 2014 pikipiki zilibaki, kasi ya kunyanyua tairi ikaondolewa.

Toleo hilo la nane nalo likazaa mwanya wake. Wachezaji waligundua kwamba baada ya kupata msukumo, ukirukaruka kwa zamu kushoto na kulia, msukumo unachelewa kuisha. Ule ulikuwa mwendo wa nyoka umerudi kwa vazi jingine. Mario Kart 8 Deluxe, iliyotoka tarehe 28 Aprili 2017 kwa mashine ya Switch, iliuziba mwanya huo na kuongeza ngazi ya tatu ya cheche, za zambarau, kwa anayethubutu kushikilia mserereko mrefu zaidi. Hapa nasema bila kusita: katika mambo ya kona, hilo ndilo toleo bora la Mario Kart. Unayelipwa ni wewe uliyeikabili kona ndefu na kukaa humo wakati wenzako wameachia mapema.

Bora kwa Mario Kart, nimesema. Crash Team Racing ya 1999 iliwazidi wote katika jambo hili. Kwenye gemu ile, ukiserereka, moshi wa ekzosi unabadilika rangi, na unatakiwa kubonyeza kitufe cha upande wa pili kwa wakati wake, mara tatu kwa mserereko mmoja, kila mara msukumo ukiongezeka. Ukikosea muda, unapoteza. Macho na mkono vinafanya kazi pamoja muda wote wa kona. Gemu hiyo ilisukwa upya mwaka 2019 na studio ya Beenox, na kanuni hiyo iliachwa kama ilivyokuwa, jambo linaloonyesha kwamba walioirithi walijua walichopewa.

Anayeongoza ana kosa gani?

Sasa tuje kwenye gamba la bluu, ambalo limevunja urafiki mwingi. Lilianza katika Mario Kart 64. Anayelirusha hahitaji kulenga. Gamba linaondoka lenyewe, linamtafuta anayeongoza popote alipo, linamlipua. Katika Double Dash ya mwaka 2003 liliota mabawa na kuruka juu ya wengine wote likimwendea mmoja tu. Katika Mario Kart 7 ya mwaka 2011 lilinyang'anywa mabawa na kurudi chini, likigonga na waliomo njiani.

Silaha katika mfululizo huu hazigawiwi sawa. Aliye mbele anapewa ganda la ndizi au gamba la kijani. Aliye nyuma anapewa nyota inayomfanya asidhurike, radi inayowafanya wengine wote kuwa wadogo na wazito, au kombora linalombeba lenyewe na kumpitisha katikati ya wenzake. Wabunifu wameeleza nia yao mara kadhaa: kila mchezaji awe na tumaini mpaka mwisho. Kosuke Yabuki, aliyeongoza utengenezaji wa toleo la saba na la nane, amewahi kusema kwamba walijaribu kuiendesha gemu bila gamba la bluu, na wakahisi kuna kitu kimepungua.

Mwenye kibanda angemwelewa Yabuki mara moja. Mtoto wa miaka kumi anayefungwa kila siku hatarudi kesho. Akipata tumaini, atarudi na mia tano yake. Lakini mtazame na yule aliyeongoza mizunguko miwili na nusu bila kosa, akagongwa mita chache kabla ya mstari, akatakiwa kunyanyuka kwenye benchi. Amekosa nini?

Wengi wanaolilaumu gamba la bluu wanasema linamsaidia asiyestahili. Mimi naona halimsaidii kabisa. Tuseme umelipata ukiwa wa kumi na moja, umeachwa huko nyuma kwenye kona za Nyamwaga, na mbio zinaelekea Nyamongo. Unalirusha. Anayeongoza analipuka. Wewe bado ni wa kumi na moja. Waliofaidika ni wa pili na wa tatu, watu ambao tayari walikuwa karibu na ushindi na hawakufanya lolote. Uyoga ungekuvusha watu wawili. Kombora lingekuvusha sita. Gamba la bluu limechukua cha mmoja na kumpa mwingine asiyekuwa na shida, kwa jina lako. Msaada wa kweli kwa aliye nyuma ni ule unaomsogeza yeye.

Toleo la nane lilianza kurekebisha hili kwa kumpa anayeongoza honi inayolipasua gamba likikaribia. Ni kinga nzuri, kwa sababu inamlazimu kuchagua: aitumie honi sasa dhidi ya gamba jekundu, au aitunze? Bahati mbaya toleo lile la 2014 lilimruhusu mchezaji kubeba kitu kimoja tu, na likamjaza aliye mbele sarafu zisizomkinga na chochote. Deluxe ikarudisha kanuni ya kubeba vitu viwili, na aliye mbele akawa na nafasi ya kupanga. Tofauti ni kubwa kuliko inavyosikika. Ukiwa na kimoja unasubiri bahati, ukiwa na viwili unafikiri.

Lakini kuna ubaya mkubwa kuliko gamba lenyewe, na unazungumzwa kidogo. Kwa kuwa silaha nzito ziko nyuma, wachezaji hodari wameamua kwenda kuzifuata huko. Wanabaki nyuma kwa makusudi, wanakusanya nyota na kombora, kisha mzunguko wa mwisho wanapita kwenye njia za mkato ambazo bila silaha hizo hazipitiki, na kushinda. Katika Deluxe mbinu hii ni ya kawaida kwenye njia kadhaa, na katika Mario Kart World, toleo la 2025 lenye washindani 24 kwa mpigo, wachezaji wengi wamelalamika kwamba kuongoza tangu mwanzo ni kujitafutia kipigo. Hili linanikera kuliko yote. Kanuni iliwekwa kwa ajili ya mtoto aliyeachwa nyuma, na anayeichukua ni bingwa. Mtoto anabaki nyuma ya bingwa hata kwenye foleni ya kusaidiwa.

Dawa ipo, na si ngumu. Silaha zigawiwe kwa kuangalia mchezaji amekuwa akiendeshaje tangu mbio zianze, si mahali alipo dakika hii tu. Aliyekuwa wa pili dakika moja iliyopita na sasa amesimama kando ya njia anasubiri wenzake wapite si mnyonge.

Dereva na konda

Kabla ya kuvuka mto, naomba nafasi ya kulizungumzia toleo ninalolipenda kuliko mengine, ingawa kwa kona na kwa mgao wa silaha si la kwanza. Mario Kart: Double Dash iliwaweka watu wawili kwenye kigari kimoja. Mmoja anaendesha, mwingine amesimama nyuma anashika silaha, na wanaweza kubadilishana wakati wowote. Wachezaji wawili wa kweli wanaweza kugawana kigari hicho, kila mmoja na pedi yake, kama dereva na konda wake: mmoja macho mbele, mwingine anajua nani anakuja nyuma, na wasipoelewana gari haliendi.

Toleo hilo ndilo lililoanzisha kanuni ya vitu viwili ambayo Deluxe ilikuja kuirudisha. Lakini kigari cha watu wawili hakijarudi tangu 2003. Matoleo yaliyofuata yameongeza mabawa ya kupaa, kuendesha chini ya maji, kuendesha ukutani huku kichwa kikiangalia chini. Mambo ya kupendeza macho, na siyapingi, ila hakuna hata moja linalobadilisha uhusiano wa watu walioketi kwenye benchi. Mahali ambapo watoto wanane wanasubiri pedi mbili, kanuni inayomruhusu asiyejua kuendesha akae nyuma ya anayejua, ajifunze huku ana kazi ya kufanya, ina thamani kuliko mabawa yote. Mdogo wako anayeogopa kona anaweza kuwa mtupaji silaha hodari. Siku moja mtabadilishana.

Nyoofu baada ya daraja

Ukishavuka Daraja la Mto Mara, kona zinapungua na nchi inafunguka. Hapa ndipo ubishi mpya kabisa unapokaa.

Mario Kart World ilitoka tarehe 5 Juni 2025 pamoja na mashine ya Switch 2. Tofauti na matoleo yote ya nyuma, njia zake zimeunganishwa kwenye nchi moja kubwa. Baada ya kumaliza mbio za kwanza, huhamishwi kwa uchawi. Unaendesha kutoka njia moja hadi nyingine, na safari hiyo yenyewe ni sehemu ya mbio. Njia unayofika unaipita kwa muda mfupi tu, si mizunguko mitatu kama zamani. Malalamiko yakawa makubwa. Watu walisema safari hizo ni nyoofu pana zisizo na kitu, na kwamba wamenyimwa njia walizozinunua. Wachezaji wa kwenye intaneti wakagundua ujanja wa kuchagua njia kwa bahati nasibu ili wapate mizunguko mitatu. Mwezi Juni masahihisho ya programu yakauondoa ujanja huo, hasira zikapanda, na mwezi Julai masahihisho mengine yakaongeza njia za mizunguko katika uchaguzi.

Nadhani walalamikaji walikuwa sahihi kwa nusu. Mchezaji apewe kuchagua, hilo halina mjadala. Lakini wazo kwamba mbio za kweli ni za kuzunguka mahali pamoja mara tatu silikubali, na watu wa Afrika Mashariki wana sababu ya kutolikubali. Mbio za magari zilizotukuza eneo hili ni zile zilizoanza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ambazo baadaye zilijulikana kama Safari Rally. Zilikuwa mbio za kwenda, siyo za kuzunguka. Kwetu barabara ni kitu kinachokutoa mahali na kukufikisha mahali.

Na World yenyewe ina mashindano yanayothibitisha kwamba nyoofu inaweza kuwa na uhai. Washindani 24 wanaanza safari ndefu yenye vituo. Kila kituo, wanne wa mwisho wanatolewa: wanabaki 20, kisha 16, 12, 8, na wanne wanagombea ushindi. Barabara yetu ingeyapokea mashindano hayo vizuri sana. Wanne watolewe Mogabiri, wanne Nyamwaga, wanne Nyamongo, wanne darajani, wanne kijiji kimoja kabla ya kuingia mjini, na waliobaki wafukuzane mpaka Mugumu. Angalia pia kinachotokea kwa wale wanaobaki nyuma kwa makusudi: hawawezi. Anayesubiri nyuma anatolewa. Kanuni moja imetibu ugonjwa ambao magamba na honi vimeshindwa kuutibu.

Vizuizi navyo vina adabu yake. Tangu Mario Kart Wii kuna njia ya shambani ambako ng'ombe wanatembea barabarani wakati wa mbio. Hawaruki ghafla, wanakwenda mwendo wao, na dereva anayetazama mbali anajua atawapita upande gani. Mtu wa Tarime au Serengeti hahitaji kuelezwa zaidi. Kizuizi unachokiona ukiwa mbali kinakupima, kinachoibuka miguuni pako kinakuonea. Ukiipeleka njia mbele ya Mugumu kuelekea Ikoma na hifadhi, nyumbu wanaohama wangefanya kazi hiyo hiyo kwa wingi: unaona vumbi, unajua kundi linakuja, unaamua kama utakaza mwendo au utazunguka.

Njia hii inaweza kutengenezwa kweli, na haihitaji ruhusa ya Kyoto. Wakenya walishaonyesha mfano mwanzoni mwa muongo wa 2010, studio ya Planet Rackus ya Nairobi ilipotoa Ma3Racer, gemu ya simu ya kuendesha matatu. Leo vifaa ni rahisi kuliko wakati huo. Ipo gemu ya mbio za vigari inayoitwa SuperTuxKart. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi kwa yeyote, inaendeshwa kwenye kompyuta za Windows na Linux na kwenye simu za Android. Inachezwa na watu kadhaa kwenye kioo kimoja, au kwenye kompyuta zilizounganishwa ndani ya chumba bila intaneti ya nje, na toleo la 1.0 la mwaka 2019 liliongeza mashindano ya mtandaoni. Ina aina ya mbio ambayo wa mwisho anatolewa kila baada ya muda. Na njia mpya zinachorwa kwa Blender, programu nyingine ya bure.

Nawaomba walimu wa kompyuta wa sekondari za Tarime na Mugumu waiweke gemu hii kwenye maabara zao, na wamiliki wa vibanda wenye kompyuta wafanye vivyo hivyo. Vijana mnaobishana kila jioni kuhusu nani alistahili kushinda, chukueni Blender mchore kipande kimoja tu, Tarime mjini hadi Mogabiri, na kona zake zote kama mnavyozijua. Kiwekeni kwenye mashine, wakaribisheni mabingwa na wale wanaofungwa kila siku, mjaribu kanuni moja baada ya nyingine. Mkifika Nyamongo, tuandikieni gazetini mlichokiona.